Jumamosi kwa Mwalimu wa Sentensi

Kwanza niseme kosa langu, ndipo nisimulie habari za Mwalimu. Maswali ya kusahihisha sentensi yaliondolewa kwenye mtihani wa kuingilia vyuo vya nje, nami nikajua masika yalipoanza, nikakaa na habari hiyo moyoni hadi kiangazi bila kumwambia. Kila Jumamosi nilipopita kumsalimu nilimkuta barazani na wanafunzi wake wawili, wanamenya ndizi na kusahihisha sentensi. Nikakaa, nikala, nikaaga. Nilijiambia kwamba namhurumia. Huo ulikuwa uongo, au tuseme nusu yake ilikuwa uongo. Nilikuwa namwogopa.

Na nani asingemwogopa? Pale Bukoba, ukisema unataka kwenda kusoma uzamili nje, na chuo kimekudai ule mtihani wa kuingilia, watu hawakukuuliza mengi. Walikuonyesha njia ya nyuma ya soko: nenda kwa Mwalimu wa Sentensi. Jina lake sitalitaja. Alizaliwa wapi na babu yake aliitwa nani, hayo yatafuteni wenyewe mkitaka. Alikuwa mwanamke wa Kiislamu wa mjini, mwenye ndugu Tanga na ndugu Muleba, aliyefundisha Kiingereza sekondari mpaka akastaafu, na baada ya kustaafu akashikwa na ugonjwa wa maswali ya mtihani ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuufanya hata siku moja.

Kwa asiyeyajua maswali hayo: unapewa sentensi ya Kiingereza, ndefu, yenye kona nyingi, na sehemu yake imepigwa mstari. Chini yake kuna majibu matano. La kwanza linarudia sehemu ile kama ilivyo, manne yanaibadilisha. Unachagua lililo bora, una dakika moja na kidogo, na saa inakutazama. Mimi niliyafeli mara mbili. Mara ya pili nilitoka kwenye chumba cha mtihani nikajifungia chooni nikalia mpaka mlinzi akagonga mlango kuuliza kama kuna mgonjwa.

Nilipofika kwake mara ya kwanza nilikuwa nimevaa vizuri, nimebeba kalamu tatu na kitabu kinene kilichotolewa kopi. Nikasema, "Shikamoo Mwalimu, mimi naitwa Koku, nimetoka Kashozi." Akaitikia marahaba bila kuinua macho. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mbele yake mkungu wa ndizi. Akanisogezea kisu kidogo na kikombe cha mafuta ya kupaka mikononi ili utomvu usinigande. "Kaa umenye," akasema. "Kitabu mpe huyo mwenzako asome swali kwa sauti."

Nikadhani ananijaribu kama mkwe. Kumbe ndivyo alivyofundisha. Hakuna mwanafunzi aliyejibu swali kwake akiwa na kalamu mkononi. Mmoja alisoma, wengine walimenya, na jibu lilitoka mdomoni mikono ikiwa kazini. Alisema mtu mwenye kalamu anachora duara haraka kabla hajaelewa, lakini mwenye kisu hawezi kukimbia, atajikata. Ndizi zikiisha zilikwenda jikoni, zikapikwa na maharage, tukala wote, na aliyekosea maswali mengi ndiye aliyeosha vyombo. Mwezi wa kwanza nilivijua vyombo vya nyumba ile kuliko vya kwetu.

Hatua zake hazikubadilika. Funika majibu. Sikiliza sentensi nzima. Halafu akauliza kwa Kiswahili, "Nani?" Ukamjibu. "Kafanya nini?" Ukamjibu. Sentensi ingeweza kuwa na maneno hamsini, ya kampuni na mabunge na wanyama wa baharini, yeye alitaka hayo mawili kwanza, kwa Kiswahili au kwa Kihaya, hakujali. Baada ya hapo ndipo ulipofungua majibu, ukatafuta yanapotofautiana, ukatupa matatu, ukabaki kupigana na mawili. Ukisema "hili linasikika vizuri" alikutolea macho. "Linasikika vizuri kwa nani? Kwa shangazi yako?"

Sasa niseme ugonjwa wetu, maana aliujua kabla hatujaketi. Sisi Wahaya watu wanatutania kwamba tuna nshomile, yaani "nimesoma", kwamba hata tukiomba maji tunaomba kwa Kiingereza. Tunacheka na kukana, lakini kwenye maswali yale nshomile ilitukamata hadharani. Katika majibu matano, moja lilikuwa fupi na la kawaida, jingine lilikuwa refu, limejaa maneno mazito ya kisomi. Mtoto wa Kihaya aliyefaulu vizuri alichagua lile refu. Kila mara! Nililichagua mimi, akalichagua mwalimu wa sekondari tuliyesoma naye, akalichagua hata daktari mmoja aliyekuja na miwani yake ya dhahabu. Hatukuamini kwamba wazungu wangetunga mtihani mgumu namna ile halafu jibu liwe kitu ambacho mtoto wa shule angeweza kukisema.

"Umevaa suti kwenda shambani," alikuwa akisema. Halafu alinifanya nimsimulie sentensi ile kama ningemsimulia mama yangu huko Kashozi, mama yangu aliyeishia darasa la nne. Nikimsimulia, maneno mazito yote yalikimbia yenyewe. "Haya, mama yako kaelewa?" Kaelewa. "Sasa tafuta jibu linalomheshimu mama yako." Ilinichukua wiki sita kuponywa, na sikupona bila kununa. Siku moja nilimwambia kwa hasira kwamba yeye anasema hivyo kwa sababu si Mhaya. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Waitu, mwenzetu," akanijibu kwa Kihaya changu mwenyewe, "mimi nimekaa na nyinyi miaka yote hii, mmeshaniambukiza. Unadhani nimeujuaje ugonjwa?"

Lakini somo lililonitesa zaidi lilikuwa la lile jibu la kwanza, lile linaloiacha sentensi ilivyo. Sikuweza kulichagua. Nimesomeshwa na walimu wa kalamu nyekundu, nikionyeshwa sentensi najua kuna kosa, ni kulitafuta tu. Nikilikosa nilitunga la kwangu. Yeye alikuwa na desturi ya kuweka, katikati ya maswali, sentensi tatu nne mfululizo zisizo na kosa lolote, halafu akatutazama tunavyohangaika. Mwenzangu mmoja alitoka jasho. Mimi niliirekebisha sentensi nzima iliyokuwa salama mpaka ikawa mgonjwa. Mwalimu akaniacha nimalize, akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa wa nadra darasani, "Koku, hii ilikuwa haikuombi kitu."

Nilimwona akiyatenda hayo mwenyewe msibani. Jirani yake, mzee aliyewahi kuvua samaki, alifiwa na mkewe, na akataka kusema maneno machache kabla ya maziko. Alianza kwa Kiswahili, akaangukia Kihaya, akarudi Kiswahili, vitenzi vikagongana, mara mke ni yeye, mara ni mimi, mara ni sisi. Watu walianza kumtupia jicho Mwalimu, kwa sababu mji mzima ulimjua kwa kusahihisha. Alikuwa amewahi kurudisha kadi ya harusi ikiwa na alama za penseli, na tangazo la mnada lililobandikwa sokoni alilisahihisha mchana kweupe, watu wanapita. Mwanamke aliyekaa nyuma yetu akamnong'oneza, "Mwalimu, umeyasikia hayo?" Akajibu bila kugeuka, "Nimeyasikia. Hayana kosa." Halafu akavuta ushungi wake akajifuta macho.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na vituko vyake. Yeye aliyetupigania nukta na mkato, orodha yake ya sokoni ilikuwa mstari mmoja usio na mwanzo wala mwisho: chumvi nyanya mafuta kiberiti muulize Salma ile sufuria betri. Alichukia ujumbe wa simu wenye maneno yaliyokatwakatwa, asingeujibu hata ungekuwa wa dharura, lakini yeye mwenyewe hakuandika kabisa, alituma sauti. Dakika nne, dakika tano za sauti, na ndani yake unasikia anazungumza na kuku. Jioni za mpira alifungua redio akabishana na mtangazaji, kwanza juu ya mchezaji, halafu juu ya Kiswahili cha mtangazaji, na timu yake ikifungwa alisema mtangazaji ndiye mwenye makosa. Na alikuwa na upendeleo. Alipenda wanafunzi wanaobisha, wale wa "ndiyo Mwalimu, ndiyo Mwalimu" aliwaita maji ya uvuguvugu.

Kitabu chetu cha kopi hakikumridhisha. Sentensi zake, alisema, zinahusu watu ambao hakuna anayewajua, ndiyo maana hamjali nani kafanya nini. Basi akaanza kutunga za kwake, kwa Kiingereza safi, za huku kwetu. Wanawake wa Kagoma waliotandaza kahawa juani, wakaenda msibani, wakarudi wakakuta imenyeshewa. Fundi wa Kashozi aliyejenga nyumba bila kuacha nafasi ya mlango wa jikoni. Senene walioanguka kwa wingi siku ya mahafali, wageni wakaacha hotuba wakakimbilia uwanjani na ndoo. Kila sentensi ina sehemu iliyopigwa mstari kwa rula na majibu matano, kwa mwandiko wake uliosimama wima. Alijaza daftari moja, la pili, la tano. Nilipoondoka kwenda kusoma alikuwa kwenye la sita. Niliporudi na shahada yangu na kupata kazi kwenye chama cha ushirika wa kahawa, alikuwa ameanza la tisa, na alitaka nimtafutie mtu wa kuyachapa yawe kitabu.

Hapo ndipo mnielewe nilivyokwama. Mfanyakazi mwenzangu ofisini aliniuliza habari za mtihani, nikaingia mtandaoni kumwangalizia, nikakuta umebadilishwa. Sehemu ya sentensi haipo. Si kwamba imepunguzwa, haipo kabisa. Niliusoma ukurasa ule mara tatu. Kumbe kopi zetu zilikuwa za zamani, zimepita mkono kwa mkono tangu enzi zangu, na pale barazani hakuna aliyekuwa amefungua mtandao akaangalia. Daftari tisa! Nilimwona akipiga mistari yake kwa rula, nikaona siwezi.

Ila yeye angeweza. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Siku moja, enzi zangu, alimpa mwenzetu jibu lisilo sahihi. Tulikuwa tumeshakula na kuagana, mwenzetu ameshaondoka kwenda kupanda basi la Muleba, mvua inanyesha kama imekodishwa. Mwalimu akawa anaosha mikono, akasimama ghafla, akasema, "Nimemdanganya mtoto wa watu." Akajifunika kanga akatoka. Nilimfuata nikimpigia kelele kwamba tutampigia simu, kwamba swali lenyewe moja tu, hakunisikia. Alimkuta stendi, basi limeshawashwa, akagonga dirisha akamweleza pale pale, kwa kirefu, kondakta anamwambia mama tunaondoka, naye anamwambia kondakta subiri bwana, huyu anajifunza. Alirudi ameloa chapachapa, akaumwa kifua wiki nzima. Nilipompelekea uji nikamwambia hakukuwa na haja. Alinitazama kama mtu asiyenijua. "Angekwenda nalo kosa langu kwenye mtihani wake," akasema.

Na mimi, niliyeyaona hayo kwa macho yangu, nilikaa miezi minne kimya.

Wanafunzi wake wa mwaka huu walikuwa wawili tu. Adela ni muuguzi anayeishi Rubya, msichana mwembamba, mpole, anayefikiri kabla ya kusema mpaka unadhani hakukusikia. Kulwa ananunua dagaa visiwani Muleba, mtu wa asili ya upande wa Mwanza aliyehamia huku kufuata samaki, mkubwa wa mwili na wa sauti. Anataka kusomea biashara kwa sababu, anavyosema, amechoka kuifanya kwa kukisia. Wote wawili walikuwa wanaanza safari gizani kila Jumamosi ili wafike Bukoba asubuhi.

Jumamosi moja ya kiangazi niliwakuta wanacheka. Adela alikuwa amepata tarehe. Binamu yake wa Dar es Salaam alimjazia fomu, mtihani ni Kampala, baada ya wiki tano. Chuo kilikuwa kimeshamwandikia kwamba kinamtaka, akileta alama tu. Mwalimu alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona. Alikuwa amemchinjia kuku. Akaniita, "Njoo Koku, njoo umpongeze mdogo wako, halafu mwaka huu tunamaliza daftari la tisa kwa heshima yake."

Wiki tano, na huyu binti anajiandaa kwa maswali ambayo hatayakuta.

"Mwalimu," nikasema, "nina neno. Twende jikoni."

"Sema hapa hapa, hapa hakuna mgeni."

"Tafadhali, Mwalimu."

Aliona uso wangu, akanifuata. Jikoni kulikuwa na moshi wa kuku, nikashukuru kwamba kuna sababu ya macho yangu kuwa mekundu. Nikamwambia. Maswali ya sentensi yameondolewa kwenye mtihani. Yote.

"Yote?"

"Yote, Mwalimu. Wamebakiza kusoma vifungu na kupima hoja, na hesabu."

Akaifunika sufuria polepole. Akaisogeza motoni. Nilidhani atakaa chini, nikamsogezea kigoda, hakukitazama.

"Habari hii umeipata lini?"

Hilo ndilo swali nililokuwa naomba Mwalimu asiliulize. "Tangu masika," nikasema.

"Tangu masika." Akanitazama. "Kwa hiyo Idd ulipokuja ukala pilau yangu, ulijua."

"Nilijua."

"Na siku ile Adela alipokuja ana homa, nikamwambia kaa, tumalize kumi zilizobaki. Ulikuwa hapo. Ulijua."

"Nilijua. Mwalimu, nilikuonea huruma. Yale madaftari..."

"Mimi?" Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Mimi unionee huruma ya nini? Nina nyumba yangu, nina redio yangu, nina kuku wangu. Yule mtoto hapo nje anatoka zamu ya usiku anapanda basi bila kulala. Huruma umemnyang'anya yeye ukaniletea mimi. Nani alikutuma?"

Nililia. Sina aibu kusema, nililia kama mtoto, nikitaka anishike bega, maana alikuwa na kawaida hiyo. Siku ya mwisho kabla sijakwenda kufanya mtihani wangu alinishika mabega yote mawili barazani, akaniwekea kiganjani punje za kahawa ya kutafuna kama anavyopewa mgeni wa heshima, akaniambia nisiogope. Safari hii hakunigusa. Alinipa kitambaa cha jikoni.

"Jifute. Nenda ukawaambie."

"Nilidhani wewe ndiye..."

"Si mimi niliyejua, Koku."

Nikatoka. Niliwaambia nikiwa nimesimama, maana niliona nikikaa nitazunguka maneno. Nikasema mtihani umebadilika, sentensi hazimo, nimejua tangu masika, sikuwaambia, na nawaomba msamaha. Kulwa aliacha kumenya. "Yaani dada," akasema, "miezi minne unatutazama tu? Mimi navuka ziwa na mawimbi yale, nakuja hapa, wewe unanipokea unasema karibu, unajua kabisa?" Nikasema ndiyo. Akatupa ganda kwenye beseni akaangalia pembeni. Adela aliweka kisu chini, akawa anahesabu kwenye vidole, nikaelewa anahesabu wiki.

"Huwezi kuahirisha?" nikamuuliza.

"Ruhusa ya kazini nimeiomba mwaka mzima, dada Koku," akasema. "Na chuo kinafunga maombi mwezi ujao. Ikipita hii basi."

Niseme kabisa hapa, msije mkabaki roho juu kama nilivyobaki mimi kwa wiki zile: Adela alikwenda Kampala, na alama alizitimiza, kwa kubana sana, hata binamu yake alidhani amesoma vibaya akamwambia angalia tena. Lakini siku ile barazani hakuna aliyelijua hilo. Siku ile kulikuwa na binti anayetazama mikono yake iliyojaa utomvu, na kosa lilikuwa langu.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, amesikiliza yote. Nilisubiri aseme juu ya madaftari. Nilitamani aseme, ili nami nipate pa kumfariji. Hakuyagusa. Alipoona nayatupia macho pale yalipopangwa dirishani, akaniambia, "Hayo ni yangu, nitaamua mwenyewe. Sasa hivi kuna mtu ana mtihani. Hizo hoja za kupima, unajua kuzifundisha?"

"Nilizifanya mwenyewe, lakini sijawahi kumfundisha mtu."

"Jumamosi hazitatosha. Adela, Jumapili mchana unapata nafasi? Unapata. Kulwa, wewe bado hujajiandikisha, utapona, lakini kaa. Koku?"

"Naweza kuja, Mwalimu."

"Sikuuliza kama unaweza. Nauliza saa ngapi."

"Saa nane."

"Saa saba," akasema.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alikuja mkekani, akamwambia Kulwa sogea, akakaa kati yao, akakunja miguu kwa shida kwa sababu ya magoti yake, akaomba karatasi na penseli. "Tuanze moja sasa hivi kuku akiiva," akasema. "Nami niyaone hayo maswali yalivyo. Siwezi kumsaidia huyu kwa kitu nisichokijua."

Nikatafuta swali kwenye simu. Lilikuwa linahusu mji mmoja uliojenga stendi mpya ya mabasi, biashara ikaongezeka mwaka uliofuata, meya akasema stendi ndiyo iliyoleta biashara. Swali: ni jambo gani kati ya haya matano, likiwa kweli, linadhoofisha hoja ya meya? Niliwasomea Kiingereza chake mara mbili, kisha nikawapitishia simu ili kila mmoja ayaone majibu.

Adela alichagua la tatu. Kulwa, bado amenuna, akasema la tatu pia. Mwalimu alichukua muda. Aliikaribisha simu usoni, akaisogeza mbali, akafunika majibu kwa kiganja kama alivyotufundisha, akafunua. Akaandika kwenye karatasi yake, akatuonyesha. La pili.

Halikuwa la pili. Nililiona mara moja lilivyomvuta. Katika majibu yote matano, la pili ndilo lililoandikwa vizuri kuliko yote, sentensi fupi, safi, haina hata neno moja la kutupa, lakini halikuwa na uhusiano wowote na stendi. La tatu lilisema mwaka ule ule kiwanda kikubwa kilifunguliwa mjini. Niligeukia upande wa jikoni, nikajifanya nanusa kuku. Kwa miaka yote niliyomjua mwanamke huyu sikuwahi kumwambia neno ambalo sasa lilikuwa mdomoni mwangu, na ulimi ulikuwa mzito kama ule wa miezi minne.

"Mwalimu," nikasema, "si hilo."

Adela alishusha macho. Kulwa, ambaye dakika ile alikuwa hataki kuniona, alinitazama. Mwalimu aliichukua simu tena, akasoma swali zima upya, midomo ikicheza bila sauti, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Halafu akaniinulia uso, uso mtulivu kabisa, wa mtu aliyekuja kujifunza, akauliza:

"Nimekosea wapi?"

Nikakaa chini karibu yake, nikamwonyesha.